Miongozo Mitatu na Visigino vya Papa Bauma

Wajukuu zangu wa koti jeupe,

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie jambo la maana kuhusu kazi ya uuguzi, kwa kuwa mmemaliza shule juzi na mnadhani sisi wazee tuna siri fulani tumezificha chini ya kitanda. Nimejaribu kuwa mtu wa maana. Nimeketi hapa nyumbani, mtaa wa Mapendo, nimevaa miwani, nimekunja uso kama mkaguzi wa afya, na kila nikianza sentensi ya kwanza kicheko kinanishika. Basi nimeacha. Nitawaandikia kuhusu kolesteroli, mafuta yale ya damu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya sindano na bandeji hakuna kitu kilichonichekesha kama hicho.

Najua mnachosemezana huko nyuma ya darasa. Goma yetu hii, ya vita na wakimbizi na majivu ya volkano, bibi anatuletea ugonjwa wa watu wanene wa Ulaya? Tulieni. Mimi pia nilisema hivyo. Nilianza kazi wakati ule wakimbizi walipovuka mpaka kwa wingi usioelezeka, nikiwa msichana mwembamba (acheni kucheka, nilikuwa mwembamba), na wakati huo hakuna aliyepima kolesteroli ya mtu. Tulipima kama anapumua. Akipumua tulimpa maji ya chumvi na sukari, tukaenda kwa mwingine. Lakini vita vyetu vimekaa, na vita vikikaa watu huzeeka humo humo. Kijana aliyekimbia na godoro kichwani anakimbia tena akiwa na tumbo, presha na wajukuu. Unamkuta mtu aliyenusurika mabomu yote, halafu anaanguka akifunga kamba ya kiatu. Hapo ndipo tulipoanza kusoma habari za moyo.

Aliyetusomesha alikuwa Dokta Espérance, mkuu wa kituo chetu cha afya. Mama mkubwa wa mwili na wa sauti, akicheka vikombe vinalia mezani. Alisomea mbali akarudi Goma kwa hiari yake, jambo ambalo mama yake mzazi hakumsamehe hadi anazikwa. Kwake nilijifunza kwamba daktari mzuri ni yule anayesema "sijui, tusome" bila kuona haya, na muuguzi mzuri ni yule anayefungua kitabu kabla daktari hajamaliza kusema.

Shida yetu haikuwa ukosefu wa vitabu. Shida ilikuwa wingi wake! Kila vita vilipowaka upya, mashirika yalituletea madaktari wageni, na kila mgeni alikuja na mwongozo wa kwao ndani ya begi. Huyu wa Ulaya anaagiza hivi, anakaa kidogo, anaondoka. Anakuja wa Marekani anafuta, anaandika vile. Anakuja wa tatu na mwongozo wa dunia nzima, ule ulioandikwa kwa ajili ya nchi zisizo na mashine, naye anafuta vyote viwili. Tulikuwa na mzee mmoja aliyepata kiharusi, mstaarabu sana, dawa yake ilibadilishwa kila uwanja wa ndege uliposhusha mgeni. Siku moja akanishika mkono.

"Mama Safi," akaniuliza kwa upole, "hii ugonjwa yangu inabadilishaka nationalité?"

Nilimpelekea Dokta Espérance swali hilo la ugonjwa unaobadili uraia nikidhani atakasirika. Alicheka mpaka akaegemea kabati la dawa. Kisha akafuta machozi akasema, "Muzee iko na haki. Tutalinganisha hizi guides sisi wenyewe. Na tutazilinganisha vile tunajua kulinganisha vitu hapa kwetu."

Mnajua mahari yetu inavyojadiliwa. Bwana harusi hasemi, bibi harusi hasemi, hata wazazi wananyamaza. Kila ukoo unaweka msemaji, mtu wa mdomo mtamu na kichwa baridi, na wasemaji hao wanashindana kwa heshima mbele ya watu wote. Wanaomba ruhusa ya kusimama. Wanasifiana. Wanatukanana kwa adabu. Wanamkataa ng'ombe kwa sababu hawakupenda anavyowaangalia. Basi Dokta Espérance akaamua kwamba miongozo ya kolesteroli ni koo tatu zinazomposa mgonjwa mmoja, na kila Ijumaa mchana, wagonjwa wakipungua, tungepanga viti uani na kila ukoo ungetoa msemaji wake.

Sheria yake ilikuwa ngumu, ishikeni hata ninyi: hairuhusiwi kusema "mimi naona". Unasema "ukoo wetu unasema", na unaonyesha ukurasa. Asiye na ukurasa anakaa chini.

Ukoo wa Ulaya alipewa Fiston, muuguzi kijana aliyependa tai kuliko chakula. Alifaa sana. Mwongozo wa Ulaya ni kama baba mkwe mwenye namba kichwani: kadiri hatari ya mgonjwa inavyokuwa kubwa, ndivyo anavyotaka kolesteroli mbaya ishuke chini zaidi, na haridhiki mpaka namba yake imefika. Unapima, unaongeza dawa, unapima tena. Ukoo wa Marekani alipewa Papa Saidi, mtu wa maabara, Mwislamu mpole ambaye babu yake alitoka Maniema na misafara ya biashara. Ukoo huo unapenda nguvu ya dozi: mwenye hatari kubwa mpe dawa kali tangu mwanzo, uangalie kama mafuta yameshuka kwa nusu, halafu namba tutazungumza. Na mimi nilipewa ule wa dunia nzima. Huo ni shangazi aliyetoka kijijini bila mizani. Hana maabara, hana muda, anamtazama mgonjwa usoni: una umri gani, unavuta sigara, presha yako ikoje, una sukari? Kisha anafungua jedwali lake la rangi, kijani mpaka nyekundu, na kuamua dawa palepale. Nilimpenda shangazi huyo. Nilifunga kitenge kichwani kila Ijumaa kwa heshima yake.

Jamani, tulicheka! Fiston anasimama, anarekebisha tai, "Bakwe zetu wapendwa, ukoo wetu unaomba mgonjwa apimwe tena kila baada ya wiki chache mpaka namba ifike." Nami nainuka pole pole, nashika kiuno: "Mukwe, tumesikia. Lakini mashine yenu iko wapi? Ao mutaileta pamoja na ng'ombe?" Papa Saidi, ambaye siku za kazi hakusema zaidi ya "bonjour", alikuwa anafoka kwa ajili ya dozi kali mpaka majirani wanachungulia juu ya ukuta. Mama mmoja muuza makaa alizoea kuja kukaa nasi akiamini kuna binti wa kituo anaolewa. Aliuliza kila wiki kama bado hawajakubaliana.

Lakini katika mchezo huo kila ukoo ulionyesha pale unapovaa nguo isiyo yake. Sehemu ya chakula ndiyo ilituua. Miongozo yote inasema mgonjwa apunguze mafuta ya wanyama, na hapo inasema kweli. Kisha mmoja unashauri mafuta ya zeituni, mwingine unataja samaki wa bahari baridi na karanga za aina ambayo hata jina lake hatukuweza kulitamka. Nilipeleka ushauri huo Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita, nikausoma mbele ya akina mama kama nilivyotumwa. Walinisikiliza kwa heshima. Halafu bibi mmoja akauliza, "Mama infirmière, hiyo samaki inapitia barrière gani ya mpaka? Tuende tuingojee." Kambi nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Tangu siku hiyo nikawa nasema: maharage endelea, sombe ya majani ya muhogo endelea bila kuizamisha ndani ya mawese, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakipatikana mshukuru Mungu. Kabla ya kumpa mtu ushauri wa chakula, mwangalie kwanza chungu chake.

Sasa niwaambie habari za Papa Bauma, maana ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Alikuwa Mkristo wa milima ya Masisi, mfugaji na mtengenezaji wa jibini, yale maduara ya njano mnayoyaona sokoni. Vita vilipomtoa Masisi alihamia Kibati na ng'ombe wachache. Vita vikamfuata Kibati, akashuka Kanyaruchinya akakaa ndani ya hema kama wengine. Ng'ombe aliwaacha kule juu kwa rafiki, na kila alfajiri alipanda barabara kwenda kuwakamua, watu wengine wakishuka mbio na vyombo vyao kichwani. Wanajeshi walimzoea. Walimwita Papa Maziwa.

Alifika kituoni mwetu akishika kifua. Mrefu, ana kofia ya pamba, sauti nzito inayojaza chumba. Nikamuuliza shida.

"Mama, nipatie dawa ya kutapika," akasema. "Bamenipatia karuho."

Karuho, kwa wale waliokulia mbali na kwetu, ni sumu ya polepole ambayo watu wa hapa huamini mtu anaweza kuwekewa kwenye chakula au pombe. Kila kifo cha ghafla kina karuho, na kila karuho ina mtu wa kulaumiwa. Nikamwuliza kwa nini anafikiri hivyo.

"Ba ndugu yangu bawili balikufa vile. Mukubwa alianguka kwa batisimu ya mutoto, glasi mukononi. Mudogo alianguka anakata majani ya ng'ombe. Bote habakukuwa na mvi. Na bote balikula kwa Mama Riziki."

Mama Riziki alikuwa mjane wa yule kaka mkubwa. Naye alikuwa Kanyaruchinya, hema chache kutoka kwa Papa Bauma, na watoto wake. Hakuna aliyekula kutoka chungu chake. Hakuna aliyemwazima hata chumvi, kwa kuogopa kurudishiwa. Vijana wa kambi walikuwa wanasema waziwazi kwamba hema lake lichomwe, na walikuwa wanangoja neno moja tu, neno la Papa Bauma, kwa kuwa ndiye mwanaume mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alikuwa bado hajalisema. Lakini kifua chake kilipoanza kubana akipanda Kibati, aliona amepata ushahidi. Alikuja kwetu atapike karuho, kisha arudi akaseme.

Mnaona ilivyokuwa. Mimi niliona: tukimpa dawa ya kutapika, hema la mjane litawaka.

Dokta Espérance hakumcheka wala hakumwambia karuho ni upuuzi. Alimwuliza, "Papa, weye unakulaka nini?"

"Toka mukubwa yangu akufe, sikulake kwa mutu. Maziwa yangu tu, fromage yangu, siagi yangu. Vitu vya mukono yangu. Sumu itapitia wapi?"

Nilimtazama Dokta, naye akanitazama. Mtu huyu alikuwa amekimbia sumu na kujificha ndani ya jibini na siagi! Nililazimika kugeukia dirishani nijifanye napiga chafya.

Kipimo kikaagizwa. Tulikuwa tumepata kimashine kidogo cha mafuta ya damu, na Papa Saidi alikilinda kama jicho. Nikamwambia Papa Bauma arudi kesho yake asubuhi bila kula kitu, maana karatasi yetu ya zamani ukutani iliamuru hivyo. Alirudi mapema kabisa.

"Umekula, papa?"

"Hapana. Mulisema nisikule, sikukula."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikunywa tu maziwa."

"Maziwa gani tena! Kiasi gani?"

Akaonyesha kwa mikono miwili, juu na chini, chombo kirefu kama mtoto wa kutambaa. Papa Saidi akaweka sindano chini.

"Papa, maziwa ni chakula!"

"Maziwa?" Papa Bauma alishangaa kweli. "Chakula ni kitu ya kutafuna. Maziwa ni maziwa."

Mbishieni mfugaji wa Masisi kuhusu hilo, mtarudi nyumbani mmeshindwa. Kwa hiyo ninyi, mkitaka mtu aje na tumbo tupu, msiseme "usile". Semeni: maji tu, na hata hayo uniambie. Damu ilichukuliwa hivyo hivyo. Ilipotulia, maji yake ya juu yalikuwa na ukungu kama chai ya maziwa, na mashine ikatoa namba kubwa kiasi kwamba Papa Saidi aliipiga kofi kidogo, akapima tena. Ikatoa ileile.

Fiston alikuwa ameshakaa na kikokotoo cha hatari kwenye simu, kile cha Marekani. Kinauliza umri. Papa Bauma akasema alizaliwa wakati lava ya zamani ilipoteremka, mama yake akikimbia naye tumboni, tukahesabu. Kikauliza sigara, hapana. Kisha kikauliza asili ya mgonjwa: mweupe, Mmarekani mweusi, au mwingine.

"Miye ni nani hapo?" akauliza Papa Bauma.

Fiston akaangalia skrini, akamwangalia yeye. "Uko... mwingine, papa."

"Mwingine?" Alisimama wima na kofia yake. "Hapa hapa Goma, miye njo mwingine?"

Dokta Espérance aliingia akatukuta wote watatu hatujiwezi kwa kicheko, mgonjwa amekasirika. Alimwomba radhi, akamketisha kitandani, akamvua viatu. Nilidhani anatafuta uvimbe wa miguu unaoletwa na ugonjwa wa moyo. Badala yake alishika ile kano ya nyuma, inayounganisha kisigino na mguu, akaiminya kwa vidole viwili. Ilikuwa nene kama kamba ya kufungia ng'ombe, na ina vinundu.

"Hii uliipata wapi, papa?"

Hasira ikaisha palepale. Akatabasamu kwa fahari. "Ah, hiyo ni ya ukoo! Visigino vya akina Bauma. Baba alikuwa nayo, ba ndugu yangu balikuwa nayo. Kwetu banasemaka sisi tulizaliwa juu ya kupanda milima."

Dokta akauachia mguu taratibu, akauweka chini kama kitu kinachovunjika. Alikuwa ameacha kucheka. "Mama Safi," akaniambia, "panga viti. Hata kama haiko Ijumaa."

Tukapanga viti uani, na safari hii mgonjwa mwenyewe akawekwa katikati. Fiston akasimama kwa ukoo wa Ulaya, akaomba ruhusa, akaanza kuhusu namba ya kufikia. Papa Saidi akamkatiza kwa ajili ya dozi kali. Mimi nikainuka na kitenge changu nikauliza hiyo karatasi ya ukutani inasemaje kuhusu maziwa, maana kwa sheria yake kipimo hiki ni cha kutupwa. Koo mbili zikanirukia pamoja, kurasa mkononi: miongozo yao ya sasa inakubali kipimo cha kwanza hata mtu akiwa ameshiba. Maziwa yanaongeza mafuta ya aina nyingine, ule ukungu tuliouona, lakini ile kolesteroli mbaya hayawezi kuipandisha mpaka pale. Tukagombana, tukasifiana, nikamwambia Fiston tai yake imembana hadi akilini.

Papa Bauma alitutazama kushoto na kulia. Kisha akavua kofia, akasimama, akakunja mikono mbele.

"Bakwe," akasema kwa ile sauti, "naomba njia ya kusema."

Tukaketi wote. Kumbe tulikuwa na msemaji wa kweli mbele yetu! Baadaye tuliambiwa kwamba kule Masisi hakuna mahari kubwa iliyozungumzwa bila yeye.

"Nimewasikia. Munagombana muzuri, mumefundishwa. Miye nimesimama kwa mahari mingi, na minajua kitu moja. Bakwe bakigombana juu ya kila kitu, halafu bakapatana juu ya kitu moja bila mutu kubasukuma, ile kitu ni ya kweli. Donc basi, minauliza: kuko kitu hizi koo tatu zinapatana?"

Fiston akafunua kurasa zake. Papa Saidi akafunua zake. Mimi nikafunua zangu. Dokta Espérance akapita kwa kila mmoja, akasoma juu ya bega letu, ingawa najua alikuwa analijua jibu tangu aliposhika kisigino.

"Zinapatana, papa," akasema. "Mutu mwenye namba ya juu kama yako, visigino kama yako, na ndugu balikufa bangali bijana, zote tatu zinasema: usipige hesabu ya hatari, usingoje, anza dawa leo. Haina kuisha, utaikunywa maisha yote. Na kuko kitu ingine zinapatana: lazima tupime damu ya batoto yako, na ya batoto ya ba ndugu yako. Kwa sababu hii haitoke kwa sahani. Inatoka kwa baba, inaingia kwa mutoto, ndani ya damu."

"Ndani ya damu," akarudia.

"Toka muzazi. Kabla hata muzaliwe."

"Na ile visigino..."

"Njo alama yake."

Papa Bauma aliketi. Aliinamia miguu yake akaitazama muda mrefu, miguu aliyojivunia tangu utotoni. Yule mama muuza makaa aliyekuwa ukutani akauliza kwa sauti kama wamekubaliana sasa. Mimi nilikuwa nalia bila kujua nilianza lini, nikimfikiria yule mjane niliyekuwa sijawahi kumwona.

"Basi mukubwa yangu," akasema hatimaye, polepole, "hakuna mutu alimuua."

Alichukua vidonge, akaviweka ndani ya kofia, akavaa kofia. Hakusema atavinywa. Hakusema chochote kuhusu Mama Riziki. Akaondoka kwa miguu kuelekea Kanyaruchinya, na jioni ile ile mapigano yakawaka upya upande wa Kibati.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Barabara ilijaa watu na magodoro, milio ilitikisa madirisha ya kituo, sisi tukarudi kwenye kazi yetu ya zamani ya kufunga vidonda na kutuliza watoto. Kila aliyetoka Kanyaruchinya nilimwuliza kama anamjua mwanaume mrefu mwenye kofia, na kama kuna hema limechomwa. Mmoja alisema ndiyo limechomwa. Mwingine akasema hapana, ni jiko lilipinduka. Fiston aliacha kuvaa tai. Niliogopa kwa watu wawili kwa wakati mmoja, na nawaambia hofu hiyo haifundishwi shuleni, wala haina kidonge.

Kisha siku moja ya utulivu, lango likafunguliwa, na Papa Bauma akaingia akiongoza ukoo. Watoto wake, watoto wa marehemu wote wawili, wakubwa kwa wadogo, wote wamevua viatu na kuvishika mkononi ili tusipate taabu ya kuwakagua visigino. Tulicheka tukapiga makofi kama kwenye harusi. Dokta Espérance alishuka ngazi mbio, mama yule mkubwa, mpaka nikaogopa moyo wake. Nyuma kabisa alikuja mwanamke mwembamba, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani.

Papa Bauma akavua kofia akaomba ruhusa ya kusema.

"Bakwe, dawa minakunywa. Mbele ya vijana ya kambi nimesema ile nilipashwa kusema zamani: Mama Riziki hana kosa, kifo yetu tulizaliwa nayo. Balisikia, balitawanyika. Lakini yeye mwenyewe amekatalia maneno yangu. Anasema maneno inatoka bure. Njo nimemuleta hapa, mbele yenu, aseme anataka nini."

Mama Riziki alipiga magoti, akafungua kitenge, akapakua maharage na sombe kwenye sahani ya bati, akamwekea shemeji yake mbele ya miguu.

"Kula," akasema.

Papa Bauma, mtu ambaye tangu amzike kaka yake hakuonja kitu cha mkono wa mwingine, aliitazama sahani ile. Kujua jambo kwa kichwa ni kazi moja. Kulimeza ni kazi nyingine. Akaketi chini udongoni. Akanawa. Akala tonge la kwanza amefumba macho. La pili akayafumbua. Akaendelea, sisi wote tumesimama tunamwangalia mtu akila maharage kama vile anavuka mto, mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akaiinua kwa mikono miwili, akampa.

"Shemeji," akasema, "niongeze."

Na Mama Riziki, ambaye tangu afiwe hakuna mtu mzima aliyemwomba kuongezwa chakula, akachota kijiko kimoja, akashindwa kuchota cha pili, akakumbatia sufuria yake akalia kwa sauti.